Nisalimie Cédric

Jules Street, Malvern, Johannesburg
6 Mei 2025

Mdogo wangu Gradi,

Pokea salamu za dada yako Murielle, yule unayemwita yaya unapotaka kitu. Mimi mzima, kiuno tu ndicho kinalalamika kwa kuinamia cherehani. Baridi imewahi mwaka huu na kila mtu anataka koti kwa jana. Mama mchungaji ameagiza sare za kwaya nzima, zambarau, na kila akiamka anabadili mtindo wa kola. Halafu kanisa limenunua kamera! Exaucé, yule kijana wa fundi simu, anarusha ibada moja kwa moja. Sasa akina mama wanakuja wamejipaka poda hadi masikioni, na mahubiri hayasikiki kwa watu kujitazama kwenye simu.

Usishangae karatasi. Simu yangu ilinyakuliwa pale kwenye robot, nimesimama nasubiri taa zake ziniruhusu nivuke. Eish! Kijana aliichukua taratibu, hata hakukimbia. Basi Kawira, yule Mkenya wa benki ninayemshonea suti, ameniambia nikiandika atatuma pamoja na barua za ofisini kwao. Nimeona afadhali hivyo. Ya kwenye simu yakishaingia kwenye group la familia, Lubumbashi nzima imeyasoma kabla ya chai.

Sasa salamu zimekwisha.

Kawira alinionyesha video yako ya uwanjani. Mimi mchezo huo wenu siuelewi, lakini mpira nauona, na mpira ulikuwa umeshakwenda mbali. Yule mwenzako mwenye jezi nyeupe alikuwa anakujia mikono mitupu. Ukampiga ngumi, akapiga magoti. Ukampiga ya pili akiwa magotini. Taya likahama upande, damu ikamwagika mpaka kwenye kaptula, na wewe umemsimamia juu unamtazama. Kawira alitaka kuizima nikamkataza. Nilitaka kuona kama utainama umwinue. Hukuinama.

Gradi, sisi katika nyumba yetu tunajua habari za kupigwa. Mama alipofariki nilibaki na ninyi wawili, na sasa Cédric yuko kaburini mwaka wa sita, kwa sababu ya watu waliompiga mtu asiye na kitu mkononi. Wewe ulikuwepo, uliona. Leo nione ngumi ni yako? Nani alikulea? Nijibu, na usinitumie maneno ya magazeti.

Mimi dada yako,
Murielle


Melbourne
27 Mei 2025

Yaya Murielle,

(Ndiyo, nataka kitu. Nataka msamaha.)

Natumaini kiuno kimepoa na kola imepata uamuzi. Huku ni baridi pia, mvua ya upandeupande. Tantine Jocelyne anakusalimu sana, bado ananipikia kana kwamba nyumba ina wanaume kumi. Anasema shangazi wa damu hawezi kumwacha mtoto wa kaka yake ale mkate wa dukani.

Umeuliza nani alinilea. Wewe. Kwa hiyo usijilaumu, lawama ni za kazi. Mimi ni beki, yaya. Uwanja wetu ni wa mviringo, mpana kuliko wa soka, mpira wenyewe una umbo la yai, na kila upande kuna nguzo nne. Sifungi mimi. Kazi yangu ni kumganda mshambuliaji mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mpira ukishuka kutoka juu niruke naye, niupige ngumi kabla haujaingia mikononi mwake. Yeye anakuja na magoti, anapanda mgongoni mwangu, na sheria inamruhusu. Nikifanya vizuri hakuna anayenitaja. Huu ni msimu wangu wa tatu wa kulipwa na tayari vidole viwili havikunjiki, bega lina skrubu, pua umeiona mwenyewe.

Siku ile ilikuwa hasira tu. Alinitukana. Kamati ya nidhamu imenifungia mechi nne, na magazeti yananiita mnyama. Sharp, sawa tu, wacha waseme. Mnyama anarudi uwanjani mwezi wa sita.

Samahani kwa mwandiko, mistari ya karatasi hii haikai sawa.

Msalimie Kawira na mama mchungaji. Nisalimie Cédric, mwambie jezi aliyoniomba nitaituma.

Gradi


Malvern
14 Juni 2025

Gradi, mdogo wangu,

Salamu. Sisi tuko salama, kwa maana ya kwamba tunahema.

Barua yako niliifungua dukani mbele ya wateja nikaisoma kwa sauti, kwa sababu ulinichekesha. Nilipofika mwisho nikanyamaza. Mama mmoja akauliza, "Vipi, kuna msiba?" Nikamwambia upo, ila ni wa zamani. Nikafunga duka mapema.

Umeandika nimsalimie Cédric. Nimeisoma tena na tena nikitafuta mzaha, sikuuona. Basi acha nikukumbushe, maana inaonekana kuna kitu kimekufuta.

Walikuja wale wafukuza wageni kutoka upande wa Jeppestown, barabara nzima, na marungu na mapanga na chupa za petroli. Duka la magodoro lilikuwa linawaka tayari. Mimi nilikuwa sokoni, wewe na Cédric mlikuwa hapa dukani. Cédric alikusukuma ndani, akavuta geti la chuma, akalifunga kwa nje na funguo akazitupa kwenye mtaro. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulitazama kwa upenyo wa geti. Wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia: rungu la kwanza bega, la pili kichwa, la tatu kichwa, akaanguka, wakampiga mateke mpaka wakachoka, wakaenda kwa wengine. Halafu akainuka! Nilipofika nilimkuta ameketi kwenye ndoo, ananicheka jinsi ninavyolia. Alikula bukari na sombe sahani mbili. Alisema watu wale hawana shabaha hata kidogo. Jumapili alisimama kanisani akashuhudia kwamba Mungu amemtoa katika mikono ya wauaji bila mfupa kuvunjika. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Jumatatu asubuhi nilimpelekea chai akawa haamki.

Huyo ndiye uliyenituma nikamsalimie.

Wiki hii wamepita tena na marungu yao, wanaimba kwamba wageni tufunge. Othmani, yule Mtanzania mwenye kiduka cha spaza hapo kwenye kona, alichelewa kufunga. Walimpiga tofali mdomoni. Meno aliyatema kwenye kiganja akawa anayahesabu, damu inamtiririka mpaka kwenye kiwiko, nami nilimwona kwa upenyo ule ule uliotazamia wewe. Siku nzima sikuweza kutia uzi kwenye sindano.

Sasa nakuuliza kwa upole, na wewe unajua mimi upole si kawaida yangu. Kabla hujampiga yule mwenye jezi nyeupe, nani alikupiga wewe?

Murielle


Melbourne
3 Julai 2025

Yaya,

Mpe pole Othmani. Tantine mzima. Mimi nimesharudi uwanjani, tumeshinda, na sijampiga mtu.

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi. Sikumbuki kuandika yale ya Cédric. Ningekuwa na simu yako ningekupigia nikuambie ni mzaha mbaya, ungeamini. Karatasi imeninyima uongo.

Alinipiga yeye yule yule, kwa goti. Hakukusudia. Ilikuwa robo ya pili, tumeruka wote wawili, mimi nimeupiga mpira, goti lake likanipata nyuma ya sikio. Nilisikia mlio mwembamba, kisha hakuna kitu. Nikaanguka, nikainuka haraka kabla daktari wa timu hajageuka. Hiyo nayo ni kazi ya beki, kuinuka haraka. Mchezaji akilala chini wanaingia, wanakutoa, wanakuuliza maswali.

Nilipoinuka uwanja haukuwepo. Ilikuwa Jules Street. Niliona moshi, nikasikia geti. Zile kelele za mashabiki, watu maelfu wanazomea, zilikuwa kelele zao wale, na maneno niliyasikia wazi, Kizulu kitupu. Yule mwenye jezi nyeupe akanijia amenyoosha mkono. Sasa najua alikuwa anakuja kuniuliza kama niko sawa. Mimi mkononi mwake niliona rungu. Na safari hii geti lilikuwa wazi, yaya, nilikuwa nje. Nilimpiga nikasikia mfupa, nikafurahi. Nikampiga tena kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa ya Cédric na ya pili nilitaka iwe yangu. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe. Nilijitambua kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mikono imekauka damu, nikamuuliza mwenzangu tunacheza na nani.

Hii ni mara ya tatu kichwa kuzima. Mbili daktari anazijua. Ya tatu wakiijua watanipeleka kwa jopo la madaktari bingwa, na hao hawana mchezo, wanakushika mkono na kukuambia nenda nyumbani. Mhuni anafungiwa mechi nne, mgonjwa anafungiwa maisha. Nimechagua uhuni. Maswali ya daktari nimeyakariri: uwanja gani, robo ya ngapi, nani amefunga mwisho, taja miezi kwa kurudi nyuma. Miezi naisema hata nikiwa usingizini.

Usimwambie mtu. Si tantine, si Kawira, si yeyote. Niapie kwa kaburi la Cédric. Yeye alisimama nje ya geti peke yake, mikono mitupu. Mimi nimepata kazi ya kusimama pale pale, na kwangu mtu hapiti. Mwisho wa msimu watanipa mkataba mpya au hawatanipa. Usininyang'anye, yaya. Sina kingine ninachokiweza.

Gradi


Malvern
21 Julai 2025

Mdogo wangu,

Asante kwa kuniambia. Hapa salama, kwaya imepata kola.

Kuapa siapi, sisi watu wa kanisa hatuapi, tena kwa kaburi! Lakini sitamwandikia daktari wako, na tantine hatasikia kwangu. Kawira bahasha anaipokea imefungwa.

Alinionyesha mechi yako ya mwisho. Watu wote walikuwa wanatazama mpira, mimi nilikuwa nakutazama wewe. Kila mpira ulipokuwa mbali ulikuwa unashika nguzo kwa mkono, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba asiyoizoea. Halafu yule mkubwa mwenye ndevu alikuvaa, mkagongana vichwa, na ukainuka haraka. Watangazaji wakakusifu. Mimi nilitapika kwenye sinki la Kawira, na lilikuwa na vyombo.

Acha, Gradi. Nakuomba mara moja tu kwa maandishi. Acha mwenyewe, uwe umeacha kwa miguu yako.

Kama hutaki, Jumapili ya kwanza ya Agosti ni siku ya shuhuda. Nitasimama na kukutaja mbele za Mungu. Hilo nalo usinikataze.

Murielle


Melbourne
18 Agosti 2025

Murielle,

Sina salamu.

Umejitazama? Umejitazama ulivyovaa zambarau, umeshika kipaza sauti kwa mikono miwili? Mimi nimejitazamia dada yangu kwenye ofisi ya kocha, kwenye skrini kubwa tunayotumia kuchambua wapinzani, na wanaume sita wananitazama. Kuna Mkongo mmoja wa huku, shabiki, aliikata ile video akaiwekea maandishi ya Kiingereza kwa furaha yake, ati Mungu wetu anatenda. Mwandishi wa habari akaipata. "Namshukuru Bwana kwa ajili ya mdogo wangu Gradi, aliyepigwa kichwa mara ya tatu akawaficha madaktari, akampiga mwenzake akidhani yuko Johannesburg, akawa anawasalimu wafu, na sasa Bwana amemponya kabisa." Haleluya! Vigelegele! Mama mchungaji anacheza!

Walinifanyia vipimo vyote. Kwenye miezi nilipita vizuri. Wakaniambia nisimame kwa mguu mmoja nimefumba macho, nikaanguka juu ya meza ya watu. Jopo limekaa Alhamisi. Sichezi tena, si mwaka huu wala mwaka wowote, si hapa wala popote. Nina miaka ishirini na mbili.

Nimeng'oa mlango wa chumba changu. Nimepiga ukuta mpaka mfupa wa kidole umetokeza, na nimeutazama ukitokeza. Laiti ungekuwa karibu, Murielle, sijui ningekufanya nini, na namshukuru huyo Bwana wako kwa kuweka bahari katikati.

Cédric aliwafungia geti. Wewe umewafungulia.

Usiniandikie.


Malvern
8 Septemba 2025

Gradi,

Mimi dada yako nakusalimu. Matusi yako yote yamefika salama, hakuna lililopotea njiani.

Jana tulikwenda makaburini kwa Cédric. Tulisafisha, tukaimba, mchungaji akaomba. Othmani alikuja pia ingawa ni Mwislamu, na meno mapya, hajayazoea, anatabasamu bila kufungua mdomo.

Uliyoniandikia nitayajibu siku nyingine. Kidole ukifunge vizuri.

Murielle


Melbourne
23 Novemba 2025

Yaya Murielle,

Habari za masiku. Kidole kimepona kikiwa kimepinda. Nakusalimu, na nisamehe kimya.

Naandika polepole, mistari michache asubuhi, mingine kesho yake. Msimu uliisha bila mimi. Nafasi yangu nyuma alipewa kijana mmoja mrefu anayeogopa kuruka. Nilimtazama nikamchukia, halafu nikamhurumia. Klabu iliniaga uwanjani, watu wakasimama. Yule niliyemvunja taya alikuja nyumbani kwa tantine, amebeba keki. Taya linalia kila akitafuna. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwa nini sikusema siku ile ile, yeye alikuwa anakuja kuniinua. Nikaleta kisu. Tukala keki.

Sasa nikuambie jambo ambalo tantine hajamwambia mtu na hatamwambia.

Mwezi wa kumi, mchana, nilikuwa jikoni namenya vitunguu. Tantine akaingia kwa nyuma yangu, sinia la bati likamponyoka sakafuni. Nilisikia geti. Nilipojitambua mikono yangu ilikuwa shingoni kwa tantine Jocelyne, nimemkandamiza kwenye friji, miguu yake imeacha sakafu. Miwani imevunjika, uso umekuwa rangi ya majivu. Hakunipiga, hakupiga kelele, pumzi ya kelele hakuwa nayo. Alikuwa ananigusa shavu tu. Alama za vidole vyangu alizifunika na kitambaa kwa wiki mbili, akawaambia watu wa kanisani ana mafua. Yaya, mtu aliyenipikia tangu nifike nchi hii! Nililia mpaka yeye ndiye akanibembeleza.

Sasa naenda kwa daktari kila Jumanne. Anasema kichwa hakikuwa na nafasi ya pigo jingine, na kwamba kikipumzika kitapata nafuu, ila hajui kiasi gani. Kuna siku ni nyeupe kabisa, sikumbuki nimeiishi. Nimekuwa nikifikiri, kama ningeendelea kucheza mpaka mkataba ule, ningemkaba nani, au ningekufa katika mechi ipi.

Nina swali moja. Mama mchungaji alimwandikia tantine kwamba hukujua, ulijawa na Roho, ukasahau kwamba ibada inarushwa dunia nzima. Watu wote wanasema hivyo: maskini Murielle, imani yake kubwa, hajui mambo ya mitandao. Mimi nimekua miguuni pako chini ya cherehani. Sijawahi kukuona unasahau kitu, hata pini.

Ulijua kamera inawaka?

Gradi


Malvern
11 Desemba 2025

Gradi wangu,

Salamu nyingi sana, na kwa tantine Jocelyne magoti yangu yako chini, mwambie hivyo hivyo. Nimemshonea gauni lenye kola ndefu. Kawira anakuja huko kumtembelea dada yake Krismasi, atalileta pamoja na barua hii. Umeniita yaya tena. Niliifuta meza mara mbili kabla ya kuiweka barua yako juu yake.

Nilijua.

Jumamosi ile nilimwuliza Exaucé ile taa nyekundu maana yake nini. Akaniambia ikiwaka ujue inachukua. Jumapili nilipoitwa nilitembea mpaka mbele, nikaiangalia, ilikuwa inawaka. Nikamwambia, mwanangu, sogea, nataka nionekane vizuri. Nikataja jina lako lote. Nikataja jina la klabu, mara mbili, moja kwa Kiingereza changu hiki kibovu, ili hata asiyejua Kiswahili ashtuke. Kitambaa cha kichwa nilikuwa nimekifunga tangu alfajiri. Roho hakuwemo, Gradi, mama mchungaji ananisifu bure. Nilikuwa mimi peke yangu.

Uliniomba nisimwambie mtu, na mimi nilikuahidi sitamwandikia daktari. Sikumwandikia. Kabla sijakuandikia ahadi ile nilikaa hapa siku nyingi nikitafuta mlango ambao sitaahidi kuufunga, nikaupata kanisani.

Na kuna kibaya zaidi ya hapo, ambacho hata wewe hukukiona kwa hasira zako. Nilisema Bwana amekuponya. Nilisema kabisa. Hukuwa umepona, nami nilijua, barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa sketi yangu. Lakini katika ushuhuda huwezi kusema mtu anaumwa, watasema omba kwanza, urudi ukiwa na jibu. Ili niseme uliugua ilibidi niseme umepona. Basi nilisimama madhabahuni nikamdanganya Mungu mbele ya watu wake, nao wakapiga vigelegele.

Cédric naye alisimama mahali pale pale. Yeye alisema kweli, kwa moyo wake wote aliamini amepona, na mimi niliamini, nikapika, nikacheza, nikamwacha alale. Nilipokuona kwenye ile video umeinuka haraka na watu wanakusifu, nilimwona yeye ameketi kwenye ndoo ananicheka. Nikasema Mungu anisamehe au asinisamehe, lakini huyu hapelekewi chai akiwa haamki.

Kazi yako nimeivunja mimi, kwa mdomo wangu, nikijua. Usimlaumu Exaucé, usimlaumu yule shabiki. Sikuombi msamaha, kwa sababu ingerudi Jumapili ile ningefanya tena, na ningetaja klabu mara tatu. Nichukie. Ila nichukie ukiwa na jina langu kichwani.

Kanisani sijakanusha. Kila Jumapili wananiuliza, "Mdogo wako bado mzima?" Nawaambia mzima. Sasa pumzika kama daktari anavyosema, kunywa dawa, umsikilize tantine, na akikuruhusu kusafiri uje unitukane uso kwa uso, nitakupikia sombe. Usinifanye niwe nimedanganya bure.

Cédric nilimsalimia. Nilimwambia jezi inakuja.

Yaya wako,
Murielle